Cheti cha barista: nani anapima, nani anauza?

Mwezi uliopita tangazo moja lilizunguka mu magrupu yetu ya WhatsApp: formasyo ya barista, siku tatu, mwishoni cheti. Chini yake watu waliandika mengi, na karibu maulizo yote yalikuwa moja: «Ile cheti inatambulikana?» Mmoja akauliza kama inakubaliwa Canada. Mwingine, kama inaweza kuingia mu dosye ya viza. Nilisoma mpaka chini nikitafuta mtu mmoja aulize kama kutakuwa mashine, ni ngapi, na kila mwanafunzi ataishika kwa muda gani. Sikumuona.

Walioandika tangazo lile wanatafuta mkate kama sisi wote, sina neno nao. Ninataka kuangalia kile cheti kikubwa ambacho matangazo yetu yanakiiga ao yanaahidi kutufikisha kwacho, nikipime kama vile tunavyopima kitabu ao filamu: kinasema kinafanya nini, kinafanya nini kweli, na kwa nani. Nilisoma agronomia, memwari yangu ilikuwa juu ya stesheni za kuosha kahawa kule Kalehe, na juu kazi ya agronomia haikuonekana, nilisimama miaka miwili nyuma ya mashine ya espreso mu hoteli moja hapa Bukavu. Kwa hiyo niko na upande, na nitausema.

Kwa wasiojua: neno «barista» ni la Kiitaliano, na kule kwao ni mtu wa baa tu, anakupa kahawa, bia ao maji ya chupa. Ile maana ya fundi wa kahawa ilikuja kukua nje ya Italia, na mashirika ya kahawa bora njo yaliipatia vyeti. Lile linalojulikana zaidi leo ni Specialty Coffee Association, SCA, lililozaliwa 2017 wakati shirika la Marekani (la 1982) na lile la Ulaya (la 1998) yaliungana. Masomo yao yako na matawi: utangulizi, kisha kazi ya barista, kupika kahawa kwa chujio, kahawa mbichi, kukaanga, na kuonja. Ukiacha ule utangulizi, kila tawi liko na ngazi tatu. Ya kwanza inakupa pointi 5, ya pili 10, ya tatu 25, na ukifikisha 100 wanakupa diploma yao. Kupita ngazi ya kwanza unahitaji asilimia 60, ya pili 70, ya tatu 80.

Wekeni hesabu hiyo kichwani. Mtu aliyefanya ngazi ya kwanza ya barista, ambayo ni kazi ya siku moja hivi, ana pointi 5 ku 100. Shirika lenyewe halijamdanganya mtu: linasema wazi kwamba ni mwanzo. Ni sisi njo tunaandika mu sivi «barista profesyoneli mwenye cheti cha kimataifa». Tunatoka mu inchi ya atestasyo. Ulikaa saa mbili mu seminari, ulikunywa soda, unarudi na karatasi yenye kashe na sahihi tatu. Mafinalisti wengine wanafika ku mwisho wa masomo na klaseri nzima ya atestasyo za kushiriki, na hakuna hata moja inayosema yule mtu anaweza kufanya nini. Cheti cha barista kikiingia mu ile klaseri, kitakuwa karatasi ya kumi na saba.

Sasa uzuri wake, juu uzuri uko. Kile ambacho ngazi ya pili na ya tatu zinapima ni kazi ya kweli. Kuko watu mtaani wanadhani barista ni mtu wa kuchora jani juu ya maziwa. Jani ni la mwisho kabisa. Kazi inaanza asubuhi, wakati unaonja kahawa ya kwanza na kugundua kwamba jana ilikuwa tamu na leo inauma kama ndimu. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Mvua ilinyesha usiku, ao ule mfuko umefunguliwa tangu siku nne, ao visu vya kisagio vimechakaa. Unatakiwa kujua ni ipi. Unapima unga, tuseme gramu 18. Unasukuma maji kwa nguvu ya bari 9. Unangoja mpaka kikombe kiwe na gramu karibu 36, na unaangalia saa. Ikitoka mu sekunde 15, maji yamepita mbio na kahawa ni chachu, nyepesi. Ikitoka mu sekunde 45, ni chungu na inakausha ulimi. Unarekebisha kisagio kidogo tu, unaonja tena. Mtu asiyejua anabadilisha vitu vitatu kwa mara moja, halafu hajui kipi kilimponya.

Maziwa nayo ni hivyo. Unaingiza hewa mwanzoni tu, wakati yangali baridi, kisha unayazungusha mpaka povu iwe laini kama rangi ya ukutani, na unasimama kati ya digrii 55 na 65. Ukipita 70 utamu unapotea na yananuka kama yamechemshwa. Kuko hoteli hapa mjini ambapo yanachemshwa mara mbili, tatu, yakirudishwa ku jagi. Mwenye kupitia mtihani mzuri hafanyi vile, si juu mzungu alimkataza, lakini juu anajua kinachotokea mu maziwa na mu tumbo la mteja. Kusafisha bomba la mvuke kila mara, kutoa mafuta ya zamani mu mashine jioni, kutochanganya unga wa jana na wa leo: hivyo vyote viko mu masomo yao. Wale wenzetu wanaosema «hii ni mambo ya kikoloni, kahawa ni yetu» wangoje kwanza wanywe kapuchino iliyopita mu bomba halijafutwa tangu asubuhi.

Lakini mtihani uliotungwa kwa ajili ya kila mahali unaacha vitu vya mahali. Mfano mudogo. Vitabu vya kupika kahawa kwa mkono vinasema maji yawe kati ya digrii 92 na 96, na kwa sababu hiyo vinashauri: chemsha, kisha ngoja nusu dakika. Bukavu iko ku urefu wa metre karibu 1,500. Hapa maji yanachemka ku digrii 95 hivi. Ukingoja nusu dakika mu birika isiyo na kifuniko, umeisha kutoka mu kipimo. Hapa unamwaga palepale. Niliona kijana mwenye cheti kutoka nje akingoja, saa mkononi, kwa heshima yote ya kitabu, na kahawa yake ikatoka dhaifu kila siku mpaka dada mmoja wa jikoni akamwambia: «Papa, mwaga tu, hapa haiunguzi.»

Tena kuko moto. Umeme wa SNEL ukishuka, mashine ya espreso haizimiki palepale; joto linashuka polepole, na kahawa tatu zinazofuata zinaharibika bila mtu kujua. Fundi wa hapa anasikia pampu inabadilisha sauti, anasimamisha komandi, anamuambia mteja angoje jenereta. Kuko maziwa ya unga, juu yale mabichi hayafiki kila siku, na ya unga yanatoa povu kwa namna yake. Kuko maji yenye udongo kisha mvua. Hakuna jaji anakupa pointi kwa hivyo, lakini njo hivyo vinafanya kahawa itoke ao isitoke saa mbili ya asubuhi ku Nyawera.

Yule dada wa jikoni, nitamwita mwenzangu tu. Alianza kwa kuosha vikombe. Miaka sita ku mashine. Alitufundisha watu watano, mimi nikiwa mu hao, na sisi watano wote tuko na lisansi. Yeye aliacha masomo mu sekondari, minervali ilikosekana. Ku liste ya mishahara ameandikwa «serveze». Mwaka fulani patro alileta kijana mwenye cheti cha siku tatu, akamuandika «barista», na tofauti ya mshahara kati yao ilikuwa karibu mara mbili. Nani alimuonyesha yule kijana namna ya kufungua mashine na kuisafisha? Mmejua jibu. Alimuonyesha bila kukasirika, na jioni akaniuliza: «Ile karatasi, wanaipata namna gani?»

Nilitafuta jibu, na hapo njo shida inaanza. Mu mfumo wa SCA, mwenye ruhusa ya kufundisha njo mara nyingi pia mwenye kukupima ku mikono. Unamlipa mwalimu, mwalimu anakufundisha, mwalimu anakupa pointi, na juu ya hapo kuko franga za cheti zinazokwenda ku shirika. Mwalimu mwaminifu atafanya vizuri, na wako wengi waaminifu. Lakini tujiulize kama Wakongomani, juu tunaijua hadithi hii kuliko watu wote. Profesa anauza silabisi, ni yeye anatunga mtihani, ni yeye anasahihisha. Asiyenunua silabisi anajua kitakachompata. Tumelalamika juu ya hiyo ku ukurasa huu mara ngapi? Sasa karatasi ikija na lugha nyingine na picha nzuri tunanyamaza.

Bei pia. Sitaweka namba, juu kila mwalimu anapanga yake, lakini ngazi moja mara nyingi ni mamia ya dola. Kwa mtu wa Bukavu ongeza safari, kulala, karatasi za mpaka, siku za kazi zilizopotea. Ongeza kwamba tangu mabenki yafunge Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kulipa kitu ku intaneti ni kutafuta ndugu wa Kinshasa ao wa Ulaya mwenye karte. Mwenzangu angelipa miezi mingi ya mshahara ili afundishwe kitu anachokifundisha. Hahitaji mafunzo ya siku tatu. Anahitaji asubuhi moja mbele ya mtu asiyemjua, mwenye kuonja vizuri.

Na hapa sisi tuko na mfano wetu, mkubwa kuliko tunavyofikiri. Mu Exetat kuko autodidakte. Mtu aliyejifundisha mwenyewe, aliyeacha shule, mama wa watoto, mwanajeshi, anajiandikisha, anapita ile dizertasyo ya mwanzo, kisha anakaa mu centre na kujibu maulizo yaleyale kama wanafunzi wa koleje kubwa. Mwalimu wake hayuko pale, hata angekuwa naye. Maulizo yanatoka mbali, wanaosahihisha hawajui jina lake. Tunajua Exetat iko na magonjwa yake, majibu yanazunguka mu simu kabla ya saa, na kadhalika. Lakini wazo lenyewe ni safi: inchi ilikubali kwamba mtu anaweza kujua bila kupita mu mlango wa darasa, na ikamtengenezea mlango mwingine. Diploma anayopata ni diploma ya serikali kama yetu. Kwa nini kwa hesabu na jeografia tulifikiri vile, na kwa kazi ya mikono, ambamo watu wengi zaidi wamejifundisha wenyewe, tunasema kwanza lete risiti ya formasyo?

Rafiki mmoja wa fakultati ya sheria aliniambia kwamba mtihani bila masomo utashusha kiwango. Ninafikiri ni kinyume. Angalieni mashindano ya dunia ya mabarista, yaliyoanza 2000. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa: dakika 15, espreso nne, vinywaji vinne vya maziwa, na vinne ulivyobuni mwenyewe, mbele ya majaji wanaoonja na wengine wanaoangalia mikono. Pale kikombe njo kinaongea, si shule uliyotoka. Miaka kumi ya kwanza washindi wote walitoka mu inchi zinazonunua kahawa. Mu 2011, kule Bogotá, Alejandro Mendez wa El Salvador akashinda, wa kwanza kutoka inchi inayolima. Mwaka uliofuata akaja Raul Rodas wa Guatemala. Baadaye Colombia, Brazili, Indonesia. Afrika bado, pamoja na Ethiopia, Kenya, Uganda na Rwanda zote kuwa na mabarista wa kuogopwa. Kufika pale kunataka franga, mazoezi na viza, na hivyo havipimwi ku kikombe. Lakini siku mtu amefika, kipimo kinakuwa sawa kwa wote, na ni kigumu kushinda cheti chochote.

Mfano mwingine uko karibu zaidi nasi: waonjaji. Ile leseni ya Q, ambayo Coffee Quality Institute ilikuwa inaitoa na ambayo tangu 2025 iko mikononi mwa SCA, ilijenga sifa yake juu ya mitihani migumu ya ulimi na pua. Unapewa vikombe vitatu, viwili ni sawa, tafuta kilicho tofauti. Huwezi kumpigia mwalimu magoti. Tena haikuwa ya milele: baada ya muda ulirudi kupimwa upya, juu ulimi unazeeka na mazoea yanaharibika. Kahawa ya Kivu ilipoanza kurudi ku soko la dunia, kupitia kooperative za Minova, Kalehe, Idjwi, na upande wa Butembo, ilihitaji watu wa hapa wenye kuweza kusema «hii ni 84» na mnunuzi wa ng'ambo akapata 84 ileile mu labo yake. Neno la mwonjaji wa Bukavu likawa na bei. Ninataka neno la barista wa Bukavu liwe vile pia.

Kwa sasa halina, na sababu moja ni sisi wanywaji. Tunaishi mu jimbo la arabika, na mu nyumba zetu nyingi kahawa ni ile ya kopo, ya unga, kutoka nje, kama si chai. Hata mu hoteli. Mkulima wa Kalehe anapeleka kahawa nyekundu ku stesheni, inaoshwa, inakauka ku meza, inapanda boti, inaenda. Na mjukuu wake aliye mjini anakoroga kopo. Mteja asiyejua tofauti hatalipia ufundi, na patro asiyelipwa hatalipa fundi. Cheti peke yake hakitaponya hiyo. Wale wanaosema barista mwenye cheti ataamsha soko la ndani wanaweka mkokoteni mbele ya punda kidogo, ingawa ninaelewa hamu yao.

Basi ningetaka nini? Kwanza mtihani utenganishwe na mafunzo. Atakaye kufundisha afundishe, auze, atangaze. Lakini anayepima asiwe yule aliyelipwa kufundisha. INPP iko tangu 1964 kwa ajili ya ufundi wa wafanyakazi, inaishi kwa michango ya wenye makampuni, na mu miji yetu iko na ofisi. Ingeweza kupokea jambo hili bila kujenga kitu kipya: jury ya watu watatu, mwonjaji mmoja kutoka kooperative, barista mmoja wa mji mwingine, mtu mmoja wa INPP. Maulizo kwa mdomo yawe mu Kiswahili kwa anayetaka. Mwenzangu anajua kwa nini kahawa imekuwa chachu, atakueleza mpaka uchoke. Mwambie aandike hiyo kwa Kifaransa ku karatasi, utampa 40. Hapo utakuwa umepima Kifaransa.

Wengine wataniambia cheti cha INPP hakitambulikani Dubai. Ni kweli kwamba patro wa Dubai ao Doha anajua herufi SCA, hajui zetu. Anayeenda kule atafute ile ya SCA, na akiifikia ngazi ya tatu kwa uaminifu nitampigia makofi. Lakini mabarista wengi wa Bukavu, Goma na Lubumbashi hawaendi Dubai. Wanaenda kazini kwa mguu ao kwa moto, na mtu anayetakiwa kutambua ujuzi wao ni patro aliye mita mia tano kutoka kwao, mwenye kushika liste ya mishahara. Kwa yule, karatasi yenye sahihi ya INPP iko na uzito, juu inspekta wa kazi anaweza kuisoma.

Na karatasi iandike kilichopimwa. Isiseme «ameshiriki». Iseme: ametengeneza espreso nne mfululizo zenye uzito na muda unaofanana, amegundua kosa la kisagio alilotegewa, amepasha maziwa mara tatu bila kupita kipimo, ameacha mashine safi. Na tarehe, na kwamba baada ya miaka mitatu arudi.

Nilimpelekea mwenzangu rasimu ya orodha hiyo. Aliisoma ku simu wakati wa pause, akarudisha sauti ya dakika mbili. Anasema kosa la kisagio ni rahisi mno, tuweke la maji: tufunge robineti nusu, tuone nani atasikia. Tena anasema mtahiniwa mmoja atamaliza lita mbili za maziwa, na kama watu ni kumi, nani anayalipa?